Kutoka Shule Shikizi Hadi Shule Iliyosajiliwa: Mwongozo kwa Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Katika vijiji vingi vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, shule mpya ya msingi haianzi kwa barua kutoka wizarani. Huanza kwa wazazi waliochoka kuwaona watoto wa awali na wa darasa la kwanza wakivuka mito na mabonde kufuata shule iliyo kijiji cha pili. Wazazi hao hufyatua tofali, huchoma tanuri, huinua boma la vyumba viwili au vitatu, kisha halmashauri huongeza mabati na kuleta mwalimu mmoja au wawili kutoka shule ya jirani, na mahali pale panaanza kupokea watoto kwa jina la shule shikizi. Serikali imeitambua juhudi hiyo: mwaka 2021, ilipojengwa jumla ya madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, madarasa 3,000 kati ya hayo yalielekezwa katika shule shikizi. Hata hivyo, shule shikizi bado si shule mbele ya sheria, na vijiji vingi hubaki katika hali hiyo kwa miaka mingi kuliko inavyostahili, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza wananchi hatua zinazofuata baada ya bati la mwisho kupigiliwa.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inampa Kamishna wa Elimu mamlaka ya kusajili shule, ziwe za serikali au za watu binafsi. Wapo wanaodhani kwamba shule ikishajengwa kwa nguvu za wananchi na kupewa walimu wa serikali imejisajili yenyewe, jambo ambalo si kweli. Kabla ya usajili, wanafunzi wote huandikishwa kwa jina la shule mama, yaani shule iliyosajiliwa ambayo shule shikizi imejishikiza kwake, ruzuku yao huingia katika akaunti ya shule mama, mitihani yao husimamiwa chini ya namba ya shule mama, na walimu wao huhesabiwa katika ikama (orodha ya idadi ya watumishi) ya shule hiyo hiyo. Mtoto wa shule shikizi yupo darasani, lakini katika vitabu vya nchi yupo mahali pengine. Ndiyo maana naona kwamba kijiji kinachosimama kwenye hatua ya shule shikizi kimefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ngumu zaidi kwa jasho, na kuiacha nusu ambayo ingewaletea watoto haki yao.

Anzeni na ardhi, hata kama majengo yamekwishasimama

Katika kanda yetu, jambo linalochelewesha au kuvunja maombi mengi ni ardhi. Mara nyingi mzee mmoja wa kijiji hutoa shamba lake kwa moyo mweupe, watu hupiga makofi mkutanoni, na hakuna kinachoandikwa. Miaka michache baadaye mzee amefariki, bei ya parachichi imepanda Rungwe na Njombe, au mashamba ya mpunga ya Mbarali yamekuwa na thamani ambayo baba yao hakuiwazia, na watoto wake wanadai eneo lirudi kwenye ukoo. Wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi wa shule wa serikali, wanapofika na kukuta mgogoro wa aina hiyo, hawawezi kupendekeza usajili, hata kama madarasa yamepakwa rangi na madawati yamepangwa.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, serikali ya kijiji iandae hati ya kuachia ardhi itakayosainiwa na mtoaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wao waliofikia umri wa utu uzima, mbele ya Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Hati itaje mipaka kwa majina ya majirani na alama za kudumu, kwa mfano mto, barabara au mkuza wa umeme, na ieleze wazi kama fidia imelipwa au mtoaji ameisamehe. Pasiwepo na ukimya kuhusu mazao ya kudumu. Miti ya mbao, kahawa, chai na miparachichi iliyomo ndani ya eneo ihesabiwe na kuandikwa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayofufua madai baadaye. Kisha jambo hilo lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na liridhiwe kwa muhtasari wenye orodha ya mahudhurio. Muhtasari usio na orodha ya waliohudhuria hauna nguvu kubwa, na mara nyingi hurudishwa.

Baada ya hapo, ombeni mpima wa halmashauri aje kupima na kuweka mawe ya mipaka. Katika halmashauri zenye vijiji vingi, foleni ya upimaji huwa ndefu, na ni busara barua ya maombi ipelekwe mapema wakati shughuli nyingine zikiendelea. Eneo liwe la kutosha kwa madarasa ya baadaye, viwanja vya michezo, nyumba za walimu na bustani ya shule. Ukubwa unaotakiwa umetajwa katika mwongozo wa Wizara, na ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya itawapa kipimo kinachotumika kwa kijijini au mjini. Nawasihi viongozi wasikubali kipande cha mteremko mkali kwa sababu tu kimetolewa bure, kwani gharama ya kukata mlima na kujenga kuta za kuzuia udongo huishia kuwa kubwa kuliko bei ya shamba tambarare.

Safari ya vikao

Mmiliki wa shule ya msingi ya serikali ni halmashauri, si kijiji wala kamati ya wazazi. Jambo hili likieleweka mapema, kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu maombi ya usajili hupelekwa na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na kazi ya kijiji ni kumpa Mkurugenzi jalada ambalo halina pengo. Jalada hilo hujengwa kikao kwa kikao: Mkutano Mkuu wa Kijiji huridhia kuanzishwa kwa shule na kutolewa kwa ardhi, Kamati ya Maendeleo ya Kata hujadili na kupendekeza, na ngazi ya halmashauri hupokea mapendekezo hayo kupitia Idara ya Elimu hadi vikao vya madiwani. Afisa Elimu Kata ndiye mtu wa kwanza wa kushirikishwa, kwa kuwa anazifahamu shule zote za kata na anaweza kueleza kwa takwimu ni watoto wangapi wanatoka katika kitongoji kipi, na umbali wanaoutembea.

Barua ya kijiji ieleze mambo matatu bila kurembesha: idadi ya watoto wenye umri wa kuanza awali na darasa la kwanza, umbali na vikwazo vya njiani kuelekea shule mama, na kile ambacho wananchi wamekwisha kukifanya kwa nguvu zao. Vikwazo vya njiani vitajwe kwa majina yake. Mto unaofurika kuanzia Desemba hadi Aprili ni hoja yenye uzito kuliko maneno kwamba shule iko mbali, na anayesoma barua hiyo Mbeya mjini au Dodoma hawezi kuujua mto huo msipomwambia.

Suala la jina la shule lisiachwe mwishoni. Nchi ina shule nyingi zenye majina kama Muungano, Azimio na Mapinduzi, na shule mbili za jina moja katika halmashauri moja huzaa mkanganyiko katika barua, vifaa na matokeo ya mitihani. Jina la kitongoji, kilima au mto wa pale pale kwa kawaida ndilo linalofaa, na likishakubaliwa litumike kwa tahajia moja katika kila karatasi.

Majengo, na hasa vyoo

Kanuni ya msingi ni wanafunzi wasiozidi 45 katika chumba kimoja cha darasa la shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali. Kwa vyoo, mwongozo wa kitaifa wa maji na usafi shuleni unataka tundu moja kwa kila wasichana 20 na tundu moja kwa kila wavulana 25. Tuchukue mfano wa shule yenye wasichana 118 na wavulana 107 wa darasa la kwanza hadi la nne. Wasichana watahitaji matundu 6 na wavulana matundu 5, na hayo ni mbali na vyoo vya walimu, choo kinachofikika kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, na chumba cha kujistiri kwa wasichana chenye maji na mahali salama pa kuteketezea taka. Kwa upande wa madarasa, wanafunzi hao 225 wanahitaji vyumba 5, na watoto wa awali wawe na chumba chao.

Nimeona kwa masikitiko kwamba vyoo ndivyo huachwa hadi fedha ziishe. Wananchi hupenda kuona madarasa, viongozi hupenda kuzindua madarasa, na choo hujengwa kwa miti na turubai kwa ahadi kwamba kitaboreshwa. Afisa Afya hawezi kusaini taarifa njema juu ya choo cha aina hiyo, na bila taarifa yake jalada halijakamilika. Ushauri wangu ni kuchimba na kujenga vyoo kwanza, kabla hata ya chumba cha tatu cha darasa. Zingatieni pia udongo wa mahali penu. Katika tambarare za Kyela, maji yako karibu na uso wa ardhi na mafuriko ni ya kawaida, hivyo choo kinapaswa kuinuliwa na shimo lake kujengewa vizuri ili maji machafu yasichanganyike na ya visima. Katika bonde la Usangu, udongo mweusi wa mfinyanzi hutanuka masika na kupasuka kiangazi, na msingi usiochimbwa kwa ushauri wa mhandisi hupasuka pamoja nao.

Mhandisi wa halmashauri ashirikishwe tangu kuchorwa kwa msingi, asiitwe kuja kubariki jengo lililokwisha. Ramani za madarasa zinazotumika katika shule za serikali zinapatikana halmashauri bila malipo, na zikifuatwa hakuna ubishi juu ya vipimo vya chumba, madirisha wala mkanda wa juu wa zege. Mkanda huo usidharauliwe: sehemu kubwa ya Mbeya na Rungwe imekaa katika Bonde la Ufa, ambako matetemeko ya ardhi si jambo geni. Makete, Njombe na Mufindi zina baridi kali mwezi Juni na Julai, na dirisha lenye nondo tupu bila kioo linamfanya mtoto wa darasa la kwanza ashindwe kushika penseli. Kwa kuwa kanda yetu hupigwa na radi nyingi msimu wa mvua, kila jengo lifungwe kizuia radi kinachofika ardhini ipasavyo. Mabati yafungwe mifereji ya kuvuna maji na tangi, kwa sababu penye mvua kama za Rungwe ni aibu watoto kubeba maji kutoka mtoni.

Kazi ya ujenzi ipangwe kati ya Juni na Oktoba. Ndiyo miezi ya kuchoma tofali, kusomba mchanga na kupitisha lori la saruji kwenye barabara za vijijini, na wakaguzi nao hufika kwa urahisi. Kijiji kinachoahirisha hadi Novemba hujikuta kimesubiri mwaka mwingine mzima.

Ukaguzi na maombi

Majengo yakifikia kiwango, Mkurugenzi huomba ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya kufanya ukaguzi wa usajili. Ofisi hii iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, wakati walimu na majengo viko chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kupitia halmashauri, na utengano huo umewekwa kwa makusudi ili anayejenga asiwe ndiye anayejipa alama. Wathibiti ubora hutazama hati ya ardhi, mihtasari ya vikao, taarifa ya Mhandisi, taarifa ya Afisa Afya, majengo yenyewe, samani, maji, na mpango wa walimu. Wapokeeni kwa ukweli. Madawati yaliyoazimwa shule mama kwa siku moja hutambulika mara moja kwa maandishi yaliyopo ubavuni, na udanganyifu mdogo wa namna hiyo huwafanya watilie shaka hata yale ambayo kijiji kimeyafanya kwa uaminifu.

Wakitoa maelekezo ya marekebisho, yaandikwe, yagawanywe kwa wahusika na yapewe tarehe. Yakikamilika, taarifa yao ya mapendekezo huambatanishwa na fomu za Wizara pamoja na vielelezo vyote, na maombi hupelekwa kwa Kamishna wa Elimu. Hifadhini nakala ya kila karatasi katika ofisi ya kijiji na nyingine kwa Afisa Elimu Kata. Watendaji huhamishwa, na jalada lililobebwa na mtu mmoja huhama pamoja naye.

Namba ikishatoka

Shule ya msingi iliyosajiliwa hupewa namba inayoanza na herufi EM. Wengi huichanganya na namba ya kituo cha mtihani inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambayo kwa shule za msingi huanza na PS. Hizo ni namba mbili zinazotolewa na mamlaka mbili, na kuwa na ya kwanza hakuleti ya pili bila kuomba. Kwa kuwa mwanafunzi wa darasa la nne hufanya upimaji wa kitaifa, shule inayotarajia kuwa na darasa hilo mwaka unaofuata inapaswa kuanza kufuatilia namba ya kituo mara tu cheti cha usajili kinapofika, kupitia kwa Afisa Elimu wa halmashauri.

Kazi inayochosha zaidi, na ambayo haisifiwi na mtu, ni kuwahamisha wanafunzi katika kumbukumbu. Kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo bado inasoma shule mama. Walimu wakuu wa shule zote mbili wakae pamoja, wapitie daftari la uandikishaji jina kwa jina, walinganishe tahajia na cheti cha kuzaliwa, kisha uhamisho ufanyike kwenye mfumo. Jina likikosewa hapa, mzazi atahangaika nalo hadi mtoto atakapofika sekondari. Takwimu za shule nazo ziingizwe katika mifumo ya TAMISEMI, kwa sababu ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hufuata idadi ya wanafunzi iliyoandikwa humo. Kwa shule ya mfano wetu yenye wanafunzi 225 hiyo ni shilingi 2,250,000, fedha ambayo hapo awali ilihesabiwa kwa shule nyingine.

Sambamba na hayo, shule ifungue akaunti ya benki, iunde kamati ya shule kwa mujibu wa sheria, na ipate Mwalimu Mkuu aliyeteuliwa rasmi. Walimu waliokuwa wameazimwa kutoka shule mama wahamishwe kwa barua, ili ikama ionyeshe upungufu halisi wa shule zote mbili. Bila barua hizo, halmashauri itaendelea kuona kwamba shule mama ina walimu wa kutosha.

Uthibiti ubora hauishii kwenye usajili

Wathibiti ubora watarudi, safari hii kwa tathmini ya shule nzima. Mfumo unaotumika tangu 2017 unatazama maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na ujifunzaji, mtaala unavyokidhi mahitaji ya wanafunzi, uongozi na utawala, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama, na ushiriki wa jamii. Mwalimu Mkuu asisubiri wageni. Kila muhula yeye na walimu wake wafanye uthibiti ubora wa ndani kwa kupitia maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, madaftari ya wanafunzi na mahudhurio, na waandike walichokiona. Taarifa ya tathmini inapotoka, isomwe mbele ya kamati ya shule na mkutano wa wazazi kwa lugha nyepesi, kwa sababu mambo mengine, kama chakula cha mchana na utoro wakati wa mavuno ya viazi, yako mikononi mwa wazazi na si ya mwalimu.

Mabadiliko yoyote makubwa baadaye, kama kuongeza bweni au kubadili lugha ya kufundishia, huhitaji kibali kipya, na shule isijiamulie yenyewe kwa kigezo kwamba ina cheti. Mwisho, kijiji kinachopanga idadi ya vyumba sasa kizingatie Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inayofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ambao kundi la mwisho la darasa la saba litamaliza pia. Shule yenye mkondo mmoja inayojengwa leo ijipange kwa darasa la awali na madarasa sita, na kama kuna tofali na fedha zilizotengwa kwa ajili ya chumba cha saba cha madarasa ya msingi, zielekezwe kwenye nyumba ya mwalimu. Kata nayo ianze mapema kuhesabu vyumba vya kidato cha kwanza, kwa kuwa Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi sekondari kwa pamoja.